Turubai la Mambrui

Famau, masikio yako yamestaafu kabla yako.
Daktari wa Malindi kakuandikia karatasi ndefu,
nikakusomea kwa kelele, nyumba nzima ya wageni ikasikia
isipokuwa wewe.
Ukauliza, "Amesemaje?"
Nikakwambia: amesema wewe sasa ndiye mtu pekee pwani hii
asiyesumbuliwa na ngoma yangu.
Ukaifuata midomo yangu pole pole,
kama mtoto wa chuoni na juzuu yake ya kwanza,
halafu kicheko kikakupanda kutoka magotini.

Miaka thelathini na minne.
Wewe na taishokoto yako,
vibonye umevichopoa kwenye mashine ya chapa
ya karani mmoja wa Mkomani;
cha herufi K hukwama hadi leo.
Mimi na msondo wangu,
ngozi ya mbuzi ambaye, kwa maneno yako,
sauti yake ilikuwa tamu zaidi alipokuwa hai.

Tumelala juu ya lori la chumvi la Gongoni
tukaamka weupe kama mabwana harusi.
Witu walitulipa kuku mmoja, mzima. Tukashindwa kumgawa.
Akasafiri nasi hadi Garsen, akitaga,
tukamwita Mhazini,
maana katika kundi letu ni yeye tu
aliyeweka kitu kila siku.

Na tumenuniana, nisifiche.
Zile fedha za Kipini: miezi saba, harusi kumi na moja,
tunapiga pamoja, migongo inatazamana.
Hadi K ikakwama katikati ya sifa za bi harusi,
taishokoto ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia,
nami nikacheka
kabla sijakumbuka kwamba sisemi nawe.

Lakini Mambrui, Famau.
Tuliambiwa: nyumba yenye turubai la kijani, viti vya kukodi.
Turubai tukaliona, viti tukaviona.
Nikaupasha msondo moto, ukakaza nyuzi,
tukaingia kwa ile ya kumtoa bibi ndani.
Hapakutoka kigelegele.
Akatoka mama mmoja, kanga hadi kwenye nyusi:
"Hapa ni matangani. Harusi ni nyumba ya tatu."

Ardhi niliiomba inimeze, ikasema imeshiba.
Wewe ukavua kofia.
"Mama, tuwie radhi. Na marehemu naye atusamehe."
Akatutazama. Akaitazama taishokoto.
"Nyinyi si wale
mliopewa arubuni na mume wangu mwaka juzi,
harusi ya binti yetu, msitokee?
Alisema hadi mwisho: watakuja tu wale."
Bega lake likatikisika, nikadhani analia.
Alikuwa analia. Alikuwa anacheka pia,
na nyuma yake, chumba kizima cha wanawake
waliokuwa na siku tatu hawajameza hata uji.

Tulitaka kuirudisha arubuni. Akakataa:
"Si mmeshapiga?"

Njiani ukatunga, huku unajipangusa macho kwa kofia:

*Tulialikwa na bwana,*
*harusi ya wake mwana;*
*leo tumewahi sana*
*matanga ya mlipaji.*

Tangu siku ile mtu akiniuliza kucheka kunaleta nini
humwambia aende Mambrui akaulize uji.

Usiku huu tuko Malindi, ukumbi wa Barani,
feni moja inazunguka, nyingine inatazama.
Unapiga macho yako yakiwa kwenye kisigino changu:
nikikanyaga, unaingia; nikikiinua, unangoja.
Hukosei. Waliokaa mbele hawajui lolote.

Kisha K.
Paka yuleyule, mkia uleule.
Ukumbi ukaangua kicheko, ukacheka ukachoka, ukatulia.
Wewe bado unanitazama: kuna nini?
Nikainua kidole kimoja, nikagonga hewa mara moja.

Ukaelewa.
Ukacheka peke yako, kichwa nyuma, mapengo nje,
umechelewa, kama kawaida yetu,
na watu wakaanza upya.