Muhuri wa Tarehe

Kila asubuhi kabla ya chai naanza na muhuri.
Una magurudumu matatu ya mpira: siku, mwezi, mwaka.
Naisukuma siku mbele kwa ukucha wa kidole gumba,
ukucha ulioshika zambarau isiyotoka kwa sabuni.
Hiyo ndiyo kazi yangu, masijala, chumba cha tatu,
dirisha linalotazama Kirumba na kipande cha ziwa
kisichozidi upana wa daftari.

Barua ya Ndalahwa Mashimba iliwekwa kwenye trei tarehe mbili.
Dereva wa Magereza aliiacha, akaenda zake.
Mimi nilikuwa Ukerewe, tunamzika baba mdogo,
kisha kivuko kikaharibika Nansio, tukangoja
spea kutoka Mwanza, na spea ikaja siyo yenyewe.
Tarehe kumi na nne nikafungua mlango.
Trei imejaa, vumbi juu, mjusi katikati.

Ilikuwa imepitia kwa mkuu wake, kama inavyotakiwa.
Vyeti sita, nakala zimegongwa na wakili wa Makoroboi.
Urefu anao. Kifua anacho. Mwili hauna mchoro.
Askari wa Butimba, miaka saba langoni,
anaomba kuvua sare moja ya serikali avae nyingine.
Sababu ameandika kwa mkono, kalamu ya bluu:
*Kwa miaka saba nawapokea watu
habari zao zikiwa zimekwisha.
Naomba kuhamia zinakoanzia.*

Mkaguzi Bukwimba alisoma, akakuna kidevu.
"Huyu anaomba kazi au anatunga?"
Akageuza ukurasa, akatafuta wanachotafuta wote.
Tarehe ya kuzaliwa: tano, mwezi huuhuu. Thelathini kamili.
Na kanuni inasema, kifungu kidogo cha nne,
anayetoka jeshi jingine asiwe ametimiza thelathini
siku barua yake inapopokelewa.
Kupokelewa ni muhuri. Muhuri ni mimi.

"Ilifika lini?"
"Tarehe mbili, afande."
"Imepokelewa lini?"
Nikanyamaza.

Jioni ile nilibaki. Ofisi ilinuka dagaa
anaowakaanga mlinzi kule nyuma.
Nikaushika muhuri. Kumi na nne. Kumi na tatu. Kumi na mbili.
Hakuna aliyewahi kunifundisha kurudisha,
ila gurudumu halikubisha hata kidogo.
Nikafika mbili.
Mbili ndiyo ilikuwa kweli. Kumi na nne ndiyo halali.
Macho yakaangukia faili la pembeni, la *Hawakukidhi*,
binti wa Misungwi aliyepungua sentimita mbili:
mama yake alikuja na futi yake ya cherehani,
akampima mbele yetu, ukutani, mara tatu,
na mara ya tatu tukageuka tusione.
Nikasukuma tena mpaka kumi na nne.
Nikagonga.

Alikuja mwenyewe Ijumaa, pasi ya sare inakata.
"Nimepitwa na siku ngapi?"
"Tisa."
Akacheka, akatazama kile kipande cha ziwa.
"Kule kwetu siku tisa hatuzihesabu, mama.
Mtu akitulia tunampunguzia theluthi nzima."

Sikumwambia habari za Nansio.
Sikumwambia kwamba gurudumu linarudi.
Akaomba aione barua. Akaitazama chini, pale kwenye zambarau.
"Umeugonga wima," akasema. "Wengi huugonga upande."
Kisha akavuta kitabu cha wageni aandike saa ya kutoka.
Alitazama saa ya mkononi mwake.
Akatazama ya ukutani, yangu, inayochelewa dakika kumi.
Akaandika ya ukutani.