Jina Lililopakwa Wino

Huko Bodø, theluji ikiwa magotini,
Ingunn, dereva wa greda la manispaa,
alisoma gazetini juu ya mimba yake
iliyoharibika Machi.

Alikuwa amemwambia daktari. Na fomu ya likizo.

Waziri akasema: "Mfumo umeteleza."
Mfumo! Kana kwamba una miguu,
kana kwamba ulivaa soksi usiku
ukanyata hadi kwenye faili lake.

Mbele ya kamati hakulia.
Aliweka mezani karatasi moja:
saa tano na dakika arobaini usiku,
nywila ya mtu, kidole cha mtu,
na jina, limepakwa wino mweusi.

"Langu mmelianika," akasema.
"Hili mmelisitiri kwa nini?"

Hakungoja msemaji akohoe.
Zamu yake ilianza saa kumi.