Spika za Mninga

Redio ya gari lililokufa, elfu kumi na mbili.
Spika moja ya sokoni, nyingine ya Mihayo
aliyekuwa akizuilia mlango nayo.
Kisanduku mninga, mabaki ya kitanda cha mtu;
Isevya yote ilinisikia nikipiga randa.

Betri ya pikipiki. Simu yenye kioo kilichopasuka
ndiyo santuri yangu: nyimbo mia nne
kwenye kadi isiyofika ukucha.

Jana nilihamisha kanda za baba, mojamoja,
utepe uliolegea nikiukaza kwa kalamu.
Kwenye ya tatu, kabla gitaa halijalia,
akakohoa, akasema:
"Nyamizi, funga mlango, kuku wanaingia."

Mama akatua sufuria,
akaenda kufunga.