Behewa la Nne

Saa kumi na moja kasoro robo, Stesheni.
Watu wanatazama saa. Mimi natazama magurudumu.
Nina daftari la kurasa tisini na sita,
jalada la nyuma lina jedwali la kuzidisha,
ndani nambari tu, nambari na tarehe,
na pembeni maneno mawili matatu, kama
"taa ya kushoto imekufa," "honi imekauka koo."
Mlinzi aliwahi kuniuliza kama mimi ni mtu wa kodi.
Nikamwambia, mtu wa kodi angevaa ndala hizi?

Leo treni ya Pugu imekuja na kichwa kisicho chake.
Injini ya kupangia mabehewa, fupi, ya njano,
mistari myeusi ubavuni kama nyuki aliyeshiba,
ile ambayo miaka yote haivuki geti la karakana:
sukuma, vuta, rudi, sukuma tena,
kama mtu anayepanga viatu vya wageni mlangoni.
Kubwa zimelala, anasema kondakta Nyamizi,
moja njiani, moja hospitali.
Hospitali ndiyo karakana.
Kadogo haka ndiko kalikobaki, kakabebeshwa mji.
Kakapiga honi: sauti nyembamba ya mtoto
aliyetumwa kuita watu wazima.

Nikaandika nambari. Mkono ulitetemeka, sitaficha.

Behewa la kwanza nalijua. La pili nalijua,
lina kiti kilichofungwa kwa waya. La tatu, basi tu.
La nne...
Nikarudi nyuma hatua mbili, nikamkanyaga mtu.
La nne lina rangi ya chai iliyolala,
madirisha mapana kuliko ya ndugu zake,
na chini ya rangi kuna rangi, na chini yake rangi,
na chini kabisa, jua likipiga kwa upande,
herufi za shirika lililokufa kabla sijazaliwa
zimejitokeza kama mbavu za punda.

Behewa la chakula!
Nililiona mara ya mwisho kwa tundu la ukuta,
nyasi zimepanda hadi ngazini,
kuku wa mtu ametaga chini ya meza.
Luhende, fundi feni wa Gerezani, mwenzangu wa daftari,
aliniapia kuwa lilikatwa, likauzwa kwa kilo.
Akanionyesha hata bawaba, eti ni yake.
Na sasa hili hapa, lina abiria,
lina watu wawili wanaogombea dirisha.

Nikapanda. Meza mbili zimesalia, zimepigiliwa sakafuni.
Ndoano za mapazia zipo, mapazia hayapo.
Harufu ya kutu, na ya kitunguu cha zamani sana,
au labda pua yangu ndiyo iliyotaka hivyo.
"Linatembea kama linaomba ruhusa," mtu akalalamika
tulipopita Buguruni. Wengine wakacheka.
Hakuna aliyeuliza wamekalia nini.

Mbele yangu alikaa Siwatu, jina nililisikia
akigombezwa kwenye simu kwa kuchelewa.
Ndoo yake tupu, isipokuwa soda moja ya chupa
iliyokosa mnunuzi siku nzima.
Alitafuta ufunguo kwenye khanga, kwenye ndoo.
Akaijaribu kwa jino, akaghairi.
Kisha mkono wake, wenyewe, ukapita chini ya ukingo wa meza,
ukakuta kifungulio kilichokazwa kwa skrubu mbili
tangu enzi za wali kwa sahani za kaure.
Pwaa!
Akanywa. Hata hakuinama kuangalia.
"Umejuaje kipo hapo?" nikamuuliza.
"Nini?" akasema, akafuta mdomo.

Akashuka Gongo la Mboto na ndoo yake.
Kizibo kilibiringika hadi kwenye ufa wa sakafu.
Nilitaka kukiokota, nikakiacha.
Hiki ni cha behewa, limekifanyia kazi.

Luhende atataka picha. Sina,
simu niliiacha dukani ikichajiwa.
Nina mstari mmoja tu, ukurasa wa sabini na moja,
mwandiko uliopinda pale pale treni ilipopinda.