Thamani kwa Shilingi

Jiwe limelala ndani ya karatasi iliyokunjwa mara tano,
karatasi ndani ya leso, leso ndani ya sidiria,
nami ndani ya foleni,
ghorofa ya tatu, Barabara ya Ngong,
tangu saa mbili kasorobo, nikiwa wa kumi na saba.
Wa kumi na sita ni kijana wa dhahabu kutoka Migori,
anatafuna njugu na kukagua kucha zake.

Nimebeba vyote walivyodai:
leseni ya mwaka jana,
cheti cha tabia njema, vidole vyangu kumi
vyeusi kama zambarau vikiapa kwamba sijaiba,
namba ya kodi, picha mbili za pasipoti
ambamo nafanana na mtu aliyekwisha kukamatwa.
Jumatatu mfumo ulikuwa umelala.
Jumanne uliamka, lakini mwenye muhuri alikuwa mkutanoni.
Jumatano wakataka nakala tatu, si mbili,
nikashuka kwa Nyambeki wa fotokopi, pale chini ya ngazi,
akaniambia bila kuinua macho:
"Serikali hula karatasi, dada. Ilishe."

Leo Alhamisi.
Jiwe limeshika joto la kifua changu.
Lilikaa mwambani kabla hapajakuwa na mtu wa kuliita jina
wala halikuomba kibali cha kuwa kijani.

Dirishani, Bwana Ekiru anasukuma fomu.
Kalamu imefungwa kwa kamba, isiibwe.
"Jaza hapa. Thamani kwa shilingi."

Mali bila daftari huisha bila habari.
Yangu ina madaftari matatu, na hiyo ndiyo taabu.

La kwanza liko Kasigau, kichwani mwa Mwakima,
aliyetoka shimoni na vumbi hadi kwenye kope
akanifungulia kiganja.
Niligeuza jiwe juani, nikasonya, nikasema lina ufa.
Halikuwa na ufa.
Nikampa bandali mbili za unga, mafuta ya kupikia,
na elfu nane mkononi.
"Mungu akuzidishie, Wakio," alisema.
Nikaitika amina.

La pili ni la hapa dirishani:
namba ndogo, yenye adabu,
inayopita mbele ya mtoza mrabaha kwa ncha za vidole.
Kila mtu katika foleni hii anayo yake.
Tunaikariri usiku kama shahidi aliyelipwa.

La tatu limo simuni, ujumbe wa saa tisa usiku kutoka Jaipuri.
Nilihesabu sufuri kwa kidole,
nikazihesabu tena,
kisha nikaifunika simu kwa mto, kama mtoto anayetaka kulia.

"Mama. Thamani."

Ananyoosha mkono. Nafungua leso, nafungua karatasi.
Mizani inasema gramu mbili nukta sita,
anaandika,
na mambo yangeishia hapo kama siku zote,
ila leo, sijui kwa nini, analichukua jiwe kwa vidole viwili
na kulipeleka kwenye kioo cha dirisha.
Nje, jua la saa tano limekwama juu ya mabati.
Ncha ya kidole chake inakuwa kijani
kama ya mtu aliyevunja jani bichi.
Foleni inanyamaza. Hata njugu zinanyamaza.

"Kwetu Lokichar," anasema, si kwangu hasa,
"tulikuwa tukirusha mawe kugeuza mbuzi.
Siku nzima.
Sijui tulikuwa tunarusha nini."

Kwa swali la kodi nilikuwa na jibu. Kwa rushwa pia,
bahasha iko kwenye mkoba, mfuko wa zipu.
Kwa hili sikuwa na kitu.

Analirudisha jiwe juu ya karatasi, taratibu,
anagonga kidole kwenye nafasi iliyo wazi.
Nashika kalamu.
Kamba yake ni fupi: ukiwa umekaa
inatosha namba ya dirishani, tarakimu tano, basi.
Kwa ile nyingine itabidi usimame.

Wa kumi na nane anakohoa nyuma yangu.
Nasogeza kiti.