Fundichuma wa Nguba

Wanamwita fundichuma,
naye hana tanuri, hana mfua, hana makaa.
Nyundo ni kichwa chake mwenyewe:
mdomo mweusi mbele, kishungi nyuma,
na katikati jicho linalokupima
kama mnunuzi wa mbuzi asiye na pesa.
Mwili wote rangi ya tofali lililolowa.
Korongo ana shingo ya kujivunia. Huyu hana kitu,
ana kazi tu.

Asubuhi, ukungu haujaondoka Kivu,
namkuta chini ya ukuta nilioujenga mwaka jana,
maji yakimfika magotini.
Anatingisha mguu mmoja ndani ya tope,
taratibu, kama mtu anayetafuta kandambili gizani.
Chura akishtuka, amekwisha.
Anamsuuza kwanza, mara mbili, mara tatu,
anammeza, anarudi kazini.
Hana haraka.
Mimi ninayo: mwenye kiwanja anapiga simu.

Akiruka husikii bawa,
ni kitambaa kilichochomoka kwenye kamba.
Ila kuna siku wanapandwa na wazimu.
Wanakuja saba, wanane, kutoka upande wa Ruzizi,
wanazunguka mbio ufukweni, wanapandana migongoni,
yiri-yiri-yirrr, kishungi juu, kishungi chini,
na hakuna arusi, hakuna matanga.
Mara kimya. Kila mmoja na njia yake,
kama watu waliotoka mkutano wa mtaa.

Sasa nyumba.
Iko kwenye panda ya mkaratusi.
Miezi miwili na nusu nimewatazama, mume na mke,
kijiti, kijiti, kijiti.
Kwanza beseni, halafu kuta, halafu paa,
paa ambalo Cirhuza, msaidizi wangu,
alilipanda akasimama juu yake kwa ukorofi tu,
lisibonyee.
Mlango uko chini, unatazama maji,
mwembamba, umepigwa lipu ya tope
laini kuliko lipu yangu.
Nasema kweli, na simwambii mteja.

Cirhuza akanitajia vifaa, mimi nikihesabu chini:
shashe za maji, shashe za maji,
ncha ya liputa la M'Mulume
(alilolilia wiki nzima akimshuku jirani),
mkono wa mwanasesere, mpini wa mswaki,
kipande cha kamba yangu ya kupimia. Mwizi!
Na nywele za mke wangu, zile za kwenye kitana.
Nsimire aliposikia, alishika kichwa kwa mikono miwili.
Kwao walisema: huyu akijengea nywele zako,
radi itajua unapolala.
Nikamwambia, basi twende tukalale kwake.
Hakucheka.

Mwezi wa nne mvua ilikuja na mlima.
Kule Cimpunda, kuta tatu nilizosimamisha mimi,
mchanga safi, simenti bila kuiba hata kikombe,
ziliteleza kama sabuni.
Ndani mlikuwa na kitanda, sufuria,
daftari za mtoto.
Mtoto mwenyewe alikuwa shuleni.
Narudia neno hilo usiku: shuleni, shuleni.

Siku nne sikushika mwiko.
Ya tano nilishuka Nguba.
Mkaratusi umeinama kidogo.
Kiota kipo.
Bundi amepanga humo bila kulipa kodi,
na wenyewe wameshaanza kingine, mti wa pili,
kana kwamba kujenga hakujawahi kumwumiza mtu.

Fundichuma alikuwa majini,
katika tope jekundu lililoshuka na mvua,
sijui la mtaa gani, sijui la nyumba ya nani,
akitingisha mguu, taratibu.
Akaokota kijiti.
Akakipima mdomoni, akakitupa.
Akaokota kingine.
Nikatafuta kamba mfukoni.
Ilikuwa fupi,
kwa urefu ule alioukata.