Kiulimi

Mwezi wa tatu, mvua bado.
Nimepiga magoti nyuma ya Shela
na lenzi ya fundi saa
niliyoazimwa na Famau Shekuwe.

Si ndago: bua nimelibiringisha vidoleni,
halina pembe tatu.
Si ukoka: ukoka hutambaa kama mwenye deni,
huu umesimama, mafungu mafungu,
ncha zake zimenichora kifundo cha mguu.

Mwalimu alituambia, tafuteni ulimi.
Pale jani linapoachana na bua
pana kiulimi, utando au nywele,
na hapo ndipo nyasi husema kweli.
Nikalifunua jani taratibu.
Nywele. Mstari mmoja, mfupi, mweupe,
kama kope za mtoto aliyelala mchangani.

Nikachimba nijue umri wake.
Shina limevaa maganda ya mwaka jana,
na chini yake ya mwaka juzi,
meusi, yamechakaa kama daftari la madeni dukani.
Basi si wa msimu. Huu hukaa.
Mzizi nikaufuata hadi mkono ukazama kwapani,
mkono ukakoma, mzizi ukaendelea.

Nikaandika: Shela. Mchanga mtupu,
hatua sitini juu ya alama ya bamvua.
Jina: nikaacha pengo.

Bi Mwanajabu akapita na punda wa kuni.
Huu mnauitaje?
"Hauna ina huu.
Mtanga hwenda, huu husalia. Wataka ina la nini?"
Akanyoosha kidole kilima cha pili.
"Kusi ikiya, ikimfunua mume wangu.
Nikaupanda kichwani, nikaupanda miguuni.
Mwaka wa kumi na moya huu, yuko."
Kisha akaniangalia mkononi,
fungu zima, mizizi inaning'inia.
Akasema kitu kwa punda, si kwangu,
wakaenda.

Ina. Mtanga.
Mimi mtu wa Voi, nasema jina, nasema mchanga;
angenitambua hata gizani, bila lenzi.

Nimekata jani moja na suke moja,
nimevilaza ndani ya gazeti la Jumanne.
Kilichobaki nimekirudisha shimoni,
nimekimwagia maji yangu ya kunywa,
nimekanyaga kidogo pembeni.
Sijui kama kitashika.

Jina: bado pengo.
Mahali unapoota: nimeongeza mstari,
mwandiko mbovu, upepo ukinivuta karatasi,
*pia kilima cha pili,
kichwani na miguuni kwa mtu mmoja.*